Kulisukuma Gari la Kitufe Chini ya Mlima Mam Tor



Mhariri wetu amenitaka niandike juu ya mahali ambapo familia zetu zaweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo bila kulipia malazi. Nimepachagua Castleton pamoja na mlima wa Mam Tor, katika eneo la milima liitwalo Peak District, katikati ya Uingereza. Tulifika huko Jumamosi moja ya mwishoni mwa Machi 2023. Nakiri mapema kwamba sehemu kubwa ya makala haya itahusu gari kuliko mlima, kwa sababu huko ndiko gari letu lilikotuzimikia, nalo ni gari la gia linalowashwa kwa kitufe. Wengi wetu tunayo magari ya namna hiyo, na wengi tunaamini, kama nilivyoamini mimi, kwamba gari lisilo na tundu la ufunguo haliwezi kuwashwa kwa kusukumwa.

Tulikuwa watano safarini: mimi, mke wangu, mwanetu wa kiume aliyekuwa na miaka 16, dada yake wa miaka 9, na mjomba wangu, kaka yake marehemu mama, aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka Tanga. Mjomba alikuwa na miaka 74. Ujana wake aliutumia juu ya malori, kwanza utingo kisha dereva, katika barabara ya Mombo kwenda Lushoto, ambayo kwa zaidi ya kilomita 30 hupanda Milima ya Usambara kwa kona zisizohesabika. Kazi ya utingo, kama wazee wetu wajuavyo, haikuwa kupakia na kupakua tu. Ndiye aliyeruka chini lori liliposhindwa na kilima, akakimbia na kabari ya mti kuitia nyuma ya gurudumu kabla mzigo wa kabichi haujarudi Mombo peke yake. Wanangu walizipenda hadithi hizo, lakini walizisikiliza kama watoto wasikilizavyo mambo ya kale, yaani mambo yasiyowahusu.

Kutoka Leicester, tunakoishi, ni mwendo wa kama saa mbili. Tuliishika barabara ya M1 kuelekea kaskazini, kisha tukaiacha na kupita Chesterfield. Mji huo unajulikana kwa kanisa lake, ambalo mnara wake mrefu umejisokota na kuinama kana kwamba mtu ameukamua. Wapo wasemao ni kwa sababu ya mbao mbichi zilizotumika, na wapo wanaoutaja uzito wa mabati ya risasi yaliyoezekwa juu yake. Mjomba aliutazama kwa muda, kisha akasema, "Fundi huyu alilipwa kabla ya kumaliza kazi."

Baada ya Hathersage na Hope nchi hubadilika. Mashamba hugawanywa kwa kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji wala udongo, na kondoo huwa wengi kuliko watu. Castleton ni kijiji kidogo kilicho chini ya magofu ya ngome ya Peveril, iliyoanzishwa na Wanormani katika karne ya 11. Kando yake kuna pango kubwa la Peak Cavern, ambalo mdomoni mwake mafundi wa kusokota kamba waliishi na kufanya kazi kwa karne kadhaa. Madukani huuzwa vito vya Blue John, jiwe lenye mistari ya zambarau na manjano linalochimbwa katika vilima vya hapo hapo. Kuingia ngomeni na mapangoni hulipiwa. Kutembea milimani ni bure.

Ubure huo nao ulipiganiwa. Mwaka 1932 mamia ya vijana na vibarua wa miji ya viwanda walipanda Kinder Scout, mlima unaoonekana vizuri ukiwa juu ya Mam Tor, bila idhini ya wenye ardhi, na watano miongoni mwao wakafungwa jela. Mwaka 1951 Peak District ikawa hifadhi ya taifa ya kwanza Uingereza. Leo mtu yeyote, awe ametoka Manchester au Makunduchi, hupita milango ile ya mbao bila kuulizwa.

Barabara ya kupandia Mam Tor ina kisa chake. Zamani njia kuu ilipita ubavuni mwa mlima wenyewe, lakini mlima huo ni wa tabaka laini, na mvua zikizidi huteleza. Baada ya matengenezo mengi, barabara ilifungwa kabisa mwaka 1979, na mabaki yake yapo hadi leo, lami imekatika vipande vipande kama mkate uliomegwa. Siku hizi anayetoka Castleton hupandia Winnats, korongo jembamba la mawe ya chokaa ambalo mpando wake hufikia mita moja kwa kila mita tano. Tulipanda kwa gia ya kwanza. Mjomba hakusema neno mpaka tulipofika juu, ndipo akapumua na kusema kwamba Lushoto ina ndugu yake huku.

Tuliegesha gari katika uwanja ulio karibu na kipito cha Mam Nick. Kutoka hapo, kilele cha Mam Tor, chenye mita 517 juu ya usawa wa bahari, hufikiwa kwa robo saa au dakika ishirini kwa njia iliyosakafiwa mawe. Mjomba alisema magoti yake hayana ugomvi na mlima huo, nayo asingependa kuanzisha. Mwanangu, ambaye alikwisha kufika kileleni na shule yake, akajitolea kubaki na babu. Nikamwachia ufunguo, sisi watatu tukapanda.

Juu kulikuwa na upepo mkali na mandhari ambayo sijui kuyaeleza vema. Upande mmoja ni bonde la Edale lenye reli na nyumba chache za mawe, upande mwingine ni bonde la Hope, na katikati uti wa mlima uendao hadi Lose Hill. Tulitembea juu ya uti huo mpaka Hollins Cross, tukarudi. Tulikawia kuliko tulivyokusudia, na tulipofika garini ilikuwa yapata saa kumi na moja na nusu jioni, jua limekaribia kuzama na watu wengi wamekwisha kuondoka.

Nilikanyaga klachi, nikabonyeza kitufe. Taa za dashibodi zikafifia, na chini ya boneti kukasikika tak-tak-tak, basi.

Chanzo kilijulikana mara moja. Mjomba alikuwa ameona baridi, na mjukuu, kwa heshima yake, alibonyeza kitufe mara mbili bila kukanyaga klachi. Kufanya hivyo hufungulia umeme wa gari pasipo kuizungusha injini. Akawasha feni ya joto hadi mwisho, redio, na chaja ya simu. Kwa dakika chache upepo ulikuwa wa moto, kwa kuwa maji ya injini yalikuwa bado na joto. Yalipopoa, upepo ukawa wa baridi, naye akazidi kuiongeza feni. Hivyo kwa zaidi ya saa nzima betri kuukuu, ambayo mimi mwenyewe niliahirisha kuibadilisha tangu Desemba, ilinyonywa bila kurudishiwa chochote.

Simu yangu haikushika mtandao. Mkataba wangu wa kuokolewa njiani ulikuwa umekwisha mwezi uliotangulia, nami nilijiambia kuwa nitaulipia mshahara ukitoka. Hatukuwa na nyaya za kuunganishia betri. Na mke wangu alinikumbusha kwa sauti ya chini kwamba vidonge vya presha vya mjomba, anavyomeza jioni, vilikuwa juu ya kabati huko Leicester.

"Tulisukume," akasema mjomba.

"Babu," mwanangu akajibu kwa adabu, lakini huku akitabasamu, "hili ni la kitufe. Halina ufunguo wa kuzungusha."

"Lina klachi?"

"Linayo."

"Basi injini na magurudumu bado wanajuana. Kitufe ni cha kumwita stata. Stata akishindwa, tutamfanyia kazi yake."

Maneno hayo yalikuwa sahihi kuliko nilivyodhani. Stata ndiyo inayohitaji umeme mwingi kupita kiasi, kwa kuwa huizungusha injini nzima kutoka katika usingizi wake. Pampu ya mafuta, cheche za plagi na kompyuta ya gari huhitaji umeme kidogo tu. Betri iliyoshindwa na stata yaweza bado kuwa na nguvu ya kutosha kwa hivyo vingine. Magurudumu yakisukumwa na gia ikiwa imeingia, nayo huizungusha injini badala ya stata, na injini ikishika moto, altaneta hurudia kazi yake ya kutoa umeme.

Hapo nikafanya kosa la kwanza, la mawazo. Nilitazama barabara iliyokuwa mbele yetu. Upande mmoja ilipenya Mam Nick na kuteremka Edale, upande wa pili ilielekea Winnats. Nikasema, kwa nini tujichoshe? Tulitoe barabarani, tuliache literemke lenyewe. Mjomba alinikatiza kwa ukali ambao sikuusikia tangu nikiwa mtoto. "Gari lisilo na injini halina breki, mwanangu. Lina breki ya kukopa." Akaeleza alichokiona kwa macho yake Usambara: nguvu inayousaidia mguu kwenye breki hutoka kwenye injini inayozunguka, na injini ikizimika msaada huo hubaki kwa mikanyago miwili mitatu tu. Baada ya hapo kanyagio huwa gumu kama jiwe, na usukani nao huwa mzito. Akaagiza tusukume hapo hapo uwanjani, mahali palipo karibu na tambarare, na wasukumaji wakichoka gari lisimame lenyewe. Kisha akatafuta mawe mawili, akayaweka karibu na miguu yake.

Watembeaji wawili, mwanamume na mkewe wenye mbwa, waliokuwa wakirudi kwenye gari lao, wakaja kuuliza kulikoni. Nao hawakuwa na nyaya, lakini walivua mifuko yao ya mgongoni bila kuambiwa. Mke wangu, mwanangu na wageni hao wakasimama nyuma. Binti yetu akashikwa mkono na babu pembeni. Nikakaa kwenye usukani, nikabonyeza kitufe. Palitokea alama nyekundu ya ufunguo, nami nikadhani ni malalamiko ya betri. Nikaachia breki ya mkono, nikawaambia wasukume.

Gari likaenda hatua nne au tano. Nilipotaka kukata kushoto, usukani haukugeuka hata kidogo. Mbele yangu palikuwa na ukuta wa mawe. Nikakanyaga breki kwa nguvu zote, na kwa kuwa mwendo ulikuwa wa kinyonga, gari likasimama mbali kiasi na ukuta. Mjomba alikuwa amekwisha kufika na jiwe lake kwenye gurudumu la mbele.

"Nani ana ufunguo?" akauliza.

Mwanangu akaupapasa mfuko wa koti lake, na uso wake ukabadilika. Ufunguo ulikuwa naye nyuma ya gari, nje. Gari la kitufe humtambua mwenyewe kwa mawimbi ya redio yatokayo kwenye ufunguo. Usipokuwa ndani, gari huamini mwenye mali hayupo: umeme haufunguki, na usukani, ambao ulikuwa umejifunga tulipofungua milango, hubaki umefungwa. Tulikuwa tukisukuma gari ambalo, kwa akili yake, lilikuwa linaibwa.

Tulilirudisha taratibu. Ufunguo ukawekwa ndani, katika kishimo cha kuwekea vikombe. Mwanangu akaingiza kichwa dirishani na sasa yeye ndiye aliyenifundisha. "Baba, usikanyage klachi kwanza. Bonyeza mara moja. Mara ya pili. Subiri." Taa zote za dashibodi zikawaka, hafifu lakini zote. Nikageuza usukani, ukakubali. Feni, redio na taa kubwa zilikuwa zimezimwa. Kisha mjomba akaja upande wa pili: "Klachi chini. Gia ya pili, si ya kwanza. Ya kwanza itayakamata magurudumu. Kitufe usikiguse tena. Nikisema achia, achia. Ikishika, klachi chini upesi na mafuta kidogo."

Wakasukuma. Gari liliposhika mwendo wa mtu anayekimbia polepole, mjomba akapaza sauti, "Achia!" Gari likaruka, likakohoa, likasimama.

"Umeachia kwa huruma," akasema. "Rudisheni."

Walirudisha bila kunung'unika. Yule mgeni alikuwa akihema, naye akasema kwamba hajasukuma gari tangu lile la baba yake, na kwamba hakujua kama haya ya siku hizi yanasukumika. Mara hii niliiachia klachi kwa mkupuo. Gari likashtuka, injini ikanguruma, nami nikaikanyaga klachi na kuiongezea mafuta huku mikono ikinitetemeka. Niliposimama na kuvuta breki ya mkono, ilikuwa yapata saa kumi na mbili na robo. Binti yangu alikuwa akirukaruka. Mke wangu aliwapa wageni maandazi yaliyosalia na chai ya tangawizi kutoka kwenye chupa, na mjomba akawashika mikono kwa mikono yake miwili, kila mmoja kwa zamu. Kisha akayarudisha mawe yake mahali alipoyatoa. Tukateremka Winnats kwa gia ya pili, injini ikiwa hai na breki zikiwa zetu wenyewe, wala hatukuizima injini mpaka mlangoni Leicester. Vidonge vilimezwa vikiwa vimechelewa saa moja na nusu.

Wasomaji, nimeyapanga hapa niliyojifunza, pamoja na niliyoelezwa baadaye na fundi aliyetubadilishia betri, ili yamfae mwenzangu. Kwanza, kisomeni kitabu cha gari lenu kabla ya safari, kwa sababu wapo watengenezaji wanaokataza kusukuma, na mpangilio wa kitufe hutofautiana. Pili, ikiwa betri imekufa kabisa, hata taa za dashibodi haziwaki, msijisumbue. Kompyuta haitaamka, na kinga ya wizi, ambayo magari mapya ya Uingereza hulazimika kuwa nayo tangu 1998, haitaruhusu injini. Gari lenye breki ya mkono ya umeme laweza hata kukataa kuachia magurudumu. Tatu, magari ya gia za kujibadilisha yenyewe na yale ya umeme hayawashwi kwa njia hii, na ya dizeli ni magumu zaidi wakati wa baridi. Nne, msijaribu mara nyingi. Petroli isiyoungua huingia katika kichujio cha moshi kilicho kwenye ekzosi, na injini ikishika moto baadaye, petroli hiyo huungua humo na kukiharibu. Nacho ni ghali. Mara mbili tatu zatosha. Tano, wasukumaji wasimame nyuma tu, kamwe wasiwe mbele, na watoto wawekwe mbali. Na lililo bora kuliko yote hayo ni kuwa na nyaya za betri kwenye buti na kulipia mkataba wa kuokolewa kabla haujaisha.

Mjomba alirudi Tanga mwezi wa Mei. Mwanangu alipotimiza miaka 17 tulimshauri afanye mtihani wa gari lisilo na klachi, kwa kuwa ni rahisi zaidi, na anayefaulu kwa gari hilo huruhusiwa kuendesha ya aina hiyo tu. Alikataa. Alijifunza la gia, akaanguka mara ya kwanza, akafaulu mara ya pili mwaka 2024. Siku ya kufaulu hakumpigia rafiki yeyote kabla ya Tanga. Nilikuwa jikoni, nikamsikia akisema, "Shikamoo Babu," kisha akanyamaza muda mrefu akisikiliza, kisha akajibu: "Ndiyo, Babu. Ya pili, si ya kwanza."

Nendeni Castleton, hasa wakati huu siku zinaporefuka. Fikeni mapema, kwa kuwa maegesho hujaa. Chukueni makoti hata kama Leicester kuna jua, na ufunguo abaki nao dereva.